Nilichoachia Ndani ya Moshi

Jumatatu, 4 Machi

Nimekuwa shujaa tangu saa nne asubuhi. Goti bado linauma.

Picha imetoka gazetini: nimembeba bibi kizee, nimefumba macho, mdomo wazi. Juu yake wameandika SHUJAA WA MOSHI. Mama mkwe amenunua nakala sita. Miaka kumi na minne nimekuwa "yule mumeo". Leo kaniita "mwanangu". Niligeuka kuangalia anaongea na nani.

Moto wenyewe ulikuwa juzi, Jumamosi. Ghala la magodoro chini, wapangaji ghorofani. Tuliingia wawili, mimi na Kobe, mwenzangu wa zimamoto. Mimi nikatoka na bibi. Kobe alitolewa na wenzetu, hajitambui. Yuko hospitali, anapumulia mashine. Gazeti halikumtaja. Nafasi ilikuwa ndogo, nadhani. Ukurasa wa pili kulikuwa na tangazo la masofa.

Jumanne, 5 Machi

Binti yangu ana mdahalo shuleni. Hoja: askari wa zimamoto anayelipwa mshahara asiitwe shujaa. Yeye kapangwa upande wa kuunga mkono. Kaja na daftari, kakaa mbele yangu kama hakimu.

Baba, ungeingia kwenye ule moto kama hulipwi?

Nikamwambia ningekuwa nyumbani nimelala.

Na ukikataa kuingia?

Nafukuzwa kazi.

Kaandika. Kapiga mstari chini, kwa rula! Kasema asante Baba, umenisaidia sana.

Mama yake jikoni anacheka mpaka sufuria inagonga. Kisha mtoto akauliza: na Baba Mdogo Kobe, yeye je? Nikasema Baba Mdogo yuko hospitali. Akasema hilo si jibu. Huyu mtoto atafika mbali, na mimi sitakuwa na raha.

Alhamisi, 7 Machi

Bibi kaja kituoni, mkono umefungwa bandeji. Kaleta shukrani, na malalamiko. Kiatu chake kimoja kimepotea. Wenzangu wakapiga makofi, Afande mkuu wa kituo akatoa hotuba ya dakika kumi. Nimevishwa kilemba cha ukoka, na kimenikaa vizuri.

Alipokuwa anaondoka akanivuta pembeni. Mjukuu wangu, kasema, wewe hukunitafuta. Ulinikanyaga.

Nikasema ndiyo, bibi.

Kasema haya, basi, na akaenda zake.

Niandike tu. Humu hasomi mtu.

Kule ndani huoni hata glavu yako. Njia ya kurudi ni mpira wa maji: unaushika, unaufuata nyuma, unafika mlangoni. Siku ya kwanza kazini unafundishwa hilo kabla hujaonyeshwa choo kiko wapi. Usiuachie mpira. Basi mimi niliuachia. Mkanda wa suruali ulikatika, suruali ikaanza kuteremka, nikaachia ili niipandishe. Sekunde mbili! Nikarudisha mkono — hakuna mpira. Nikapapasa. Sakafu tu. Kobe alikuwa mbele yangu hatua tatu, moto unanguruma, hakunisikia.

Nikatambaa kufuata ukuta. Nilikuwa natafuta mlango, si mtu. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nalia ndani ya barakoa. Goti likatua juu ya kitu laini, kikapiga kelele. Ndiye bibi. Juu yake kulikuwa na dirisha. Nikalivunja, wakaleta ngazi, tukashuka. Mpiga picha alikuwa chini.

Kobe aligeuka akakuta sipo. Redio tuna moja kwa watu wawili, alikuwa nayo yeye, na betri yake inakufa tangu mwezi uliopita. Hakujua kwamba nimeshatoka. Mtungi wake wa hewa ukapiga filimbi, yaani hewa inakaribia kuisha. Filimbi ikilia unatoka, hakuna mjadala. Yeye akabaki kunitafuta mpaka hewa ikaisha.

Alikuwa ananitafuta chumbani, na mimi niko barabarani napewa maji ya kunywa.

Jumamosi, 9 Machi

Kobe kazinduka, katolewa mashine juzi, na leo kapewa barua ya kujieleza. Kitandani! Karani kaipeleka na peni.

Anatuhumiwa kwa mawili: alipuuza filimbi, na alimwacha mwenzake. La pili limetoka kwenye taarifa yangu. Siku ile niliandika "tulitengana ndani ya moshi". Neno moja, halimtaji mtu. Kamati ya nidhamu imelisoma ikajiuliza nani alimwacha nani. Mmoja kaokoa mtu, mwingine kaokolewa. Wakajijibu.

Akionekana na kosa anaondoka kazini, na matibabu yanakatika. Asipoonekana nalo anahamishiwa chumba cha simu. Kiti, meza, anapumua anavyoweza mpaka astaafu. Daktari kasema mpira hataushika tena kwa vyovyote.

Nishani yangu ni Ijumaa ijayo. Mama mkwe anashona gauni.

Jumatatu, 11 Machi

Upande wa binti yangu umeshinda mdahalo. Watoto arobaini na mmoja wamepiga kura kwamba mimi si shujaa. Ndiyo habari njema pekee ya wiki hii.

Nimekwenda kwa Afande nikamweleza yote, mpaka suruali. Kasikiliza. Kafunga mlango ambao ulikuwa umeshafungwa. Kasema kamati inakaa Alhamisi, nishani ni Ijumaa, waheshimiwa wameshaalikwa, nisichanganye mambo. Kasema nikiusema ule mpira mbele ya kamati, kiti cha mtuhumiwa nakikalia mimi badala ya Kobe.

Nikamwambia ndicho kiti changu, Afande.

Kasema nenda kapumzike.

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Hakunigombeza, nami nilitamani anigombeze. Kauliza tu: Kobe anajua? Sijui. Nimekwenda kumwona mara tatu, mara zote tumezungumza mpira wa miguu.

Naona aibu. Basi.

Alhamisi, 14 Machi

Saa tatu na nusu. Benchi la ukumbini, nje ya chumba cha kamati. Maelezo mapya yako mfukoni, ukurasa mmoja na robo. Mkanda wa suruali nimeuandika pia. Kobe yuko ndani, kaletwa na kiti cha magurudumu. Mimi nafuata.

Saa nne kasoro robo. Katoka. Mkewe anamsukuma, haniangalii.

Kobe kasema kwa pumzi fupi fupi: nimeshawaambia. Mpira niliuachia mimi.

Nikamuuliza una kichaa?

Kasema alikwishajua kwamba ni mimi. Aliukuta mpira mtupu nyuma yake, angekosaje kujua? Kasema yeye mapafu ndiyo basi, na mimi nina mtoto shuleni. Aharibikiwe mmoja, yatosha. Nikamwambia na matibabu je? Kasema nisimpigie kelele, anaumwa. Mkewe akasema tangu jana anagombana naye juu ya hilo, hasikii, ndiyo maana anaitwa Kobe. Kisha akalia, bila sauti, huku ameshika vishikio vya kiti.

Nina hasira naye. Nani kamtuma? Mara ya pili hii ananifuata ndani na sikumwita!

Karani kachungulia, kaita jina langu.

Naandika ili nisimtazame Kobe usoni. Amenishika mkono wa shati. Anasema ukiingia mle sema tulitengana, neno lile lile, mengine niachie mimi.

Karani kaita mara ya pili.

Vidole vyake havina nguvu hata ya kushika kikombe. Nikinyanyuka tu, ataachia. Karatasi nimeshaitoa mfukoni, iko hapa juu ya goti, na yeye bado amenishika.