Koku, Rweya Iliungua

Mpendwa mwanangu Koku,

Mama yako amenifukuza barazani. Anasema nimezunguka tangu asubuhi kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kwamba nichague moja: nikae niandike, au nichukue jembe niende shambani nimwache achambue senene wake kwa amani. Nimechukua kalamu. Lakini hata kabla ya kumaliza mstari huu nimeinuka kufunga dirisha ambalo halikuwa wazi, kisha nikaenda kutazama kama mvua inakuja. Inakuja. Kamachumu ni ukungu na matone wiki nzima, na mabuti yangu yamekaa mlangoni yakinitazama.

Zamani sikuwa hivi. Miaka yote niliyokuwa karani wa ghala la kahawa nilikaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, na jioni nikahamia kiti cha nyumbani. Ni wewe uliyeniharibu miguu.

Nakumbuka ile Jumamosi uliyowaleta wenzako wa klabu ya matembezi kutoka Bukoba. Ulikuwa umepanga chumba Nshambya wakati huo, unafanya kazi hospitali, na kila mwisho wa juma mlikuwa mkipanda vilima vya Ijuganyondo hadi watu wa huko wakawazoea. Huku kwetu hawakuwa wamewazoea. Mliposhuka garini na fulana zenu za kijani, majirani walitoka kwenye migomba yao wakidhani ni watu wa chanjo. Mama mmoja alimleta mjukuu wake akiwa amekwisha kumvua shati. Ulimtazama yule mtoto, ukamsalimia kwa heshima zote, ukamvisha shati lake. Halafu ukanigeukia ukaniomba niwaonyeshe njia ya ukingoni.

Njia hiyo bibi yako aliipita na mizigo ya kahawa kichwani, akishuka ziwani, kabla barabara haijafika. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaikanyaga tangu ujana wangu. Nikavaa mabuti ya mvua, nikachukua panga, nikatangulia. Mlinifuata kwa mstari mmoja, na nyuma yako alikuwa Mujuni, mtoto wa jirani yetu Ta Byabato, mchumba wako wakati ule, amebeba mkoba wake na wako. Tulipoacha migomba na kuingia kwenye nyasi za rweya, zikitufika kiunoni, nikakuuliza tunakwenda kwa nani. Kwa akili yangu mtu hatembei mbali namna ile ila kwa msiba, kwa mgonjwa, au kwa posa.

"Hatuendi kwa mtu, Tata," ulisema. "Tunakwenda kuona."

Nilicheka moyoni, nikasema elimu nayo ina madhara yake. Kisha tukafika ukingoni. Wewe unapajua, sina haja ya kukueleza: mwamba unapoishia ghafla, kimsitu cha chemchemi kwenye mkunjo wa mlima, mabati ya watu wa chini yanang'aa kati ya migomba, halafu ziwa lote. Nimezaliwa hapa, nimezeeka hapa, na siku zote nilikuwa nimelipa mgongo. Tuliketi juu ya jiwe. Ulinipa chapati na yai la kuchemsha, ukaniegemea begani, jambo ambalo hukulifanya tangu ulipokuwa shule ya msingi. Sikusogea hata kidogo, ingawa bega lilikufa ganzi.

Baada ya hapo mkawa mnakuja karibu kila mwezi. Mlifyeka njia, mkapanga mawe penye utelezi, mkaziba makorongo kwa matawi na udongo. Ulisimama kwenye mkutano wa kijiji ukaomba miti ya misambya ya pale chemchemini isikatwe tena kwa nguzo, kwa sababu kaya zote za chini zinachota maji pale. Wazee walinong'ona. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kofia mapajani, nikijifanya si mtoto wangu huyo anayesema, ili nisionekane ninavyotabasamu.

Kisha ukapata kazi yako ya uuguzi huko Ujerumani. Mujuni hakutaka kwenda, nawe hukutaka kubaki. Uchumba ulivunjika bila ugomvi, na nadhani ndiyo maana ulituumiza sisi wazazi, kwa sababu hatukupata wa kumlaumu. Ta Byabato na mimi tulianza kusalimiana kwa mbali, kila mmoja upande wake wa barabara, kama watu waliodondosha kitu na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinama. Unajua shamba lake linaishia pale rweya inapoanzia. Kila nilipokwenda njiani nilipita mbele ya nyumba yake. Na nilikwenda mara nyingi, mwanangu. Ulipoondoka sikuweza kutulia. Nilifyeka mahali ambapo hapakuwa na la kufyeka.

Sasa nikuambie kuhusu moto, maana najua picha za klabu umeziona lakini picha hazisemi.

Ilikuwa kiangazi, Julai, nyasi zimekauka hadi zinalia ukizikanyaga. Klabu ilikuja kama kawaida, ikiongozwa na Mwalimu Justa, yule wa Muleba aliyechukua nafasi yako. Tulikuwa ukingoni tunapumzika Justa aliponyanyua uso akasema kuna harufu ya moshi. Tulipogeuka, rweya ilikuwa inawaka kutoka upande wa Ta Byabato. Alikuwa amechoma nyasi kuukuu ili zichipue mpya kwa ng'ombe wake, kama watu wengi wa hapa wanavyofanya, na upepo ukageuka. Moto uliteremka kuja kwetu kwa mstari mrefu, na sauti yake ilikuwa kama ya mvua kubwa juu ya mabati. Chini yetu ilikuwa njia, na chini ya njia ule msitu.

Wengine walitaka kukimbia. Kusema kweli hata mimi miguu ilikuwa imeshageuka. Justa akasema moto ukivuka njia, chemchemi imekwisha, na akaanza kuvunja matawi mabichi. Hakupaza sauti. Tukavunja matawi sote tukajipanga njiani. Pale tulipokuwa tumefyeka kwa upana, moto ulifika, ukalamba udongo mtupu, ukazimika wenyewe. Hatari ilikuwa kwenye kona ya mawe, ambapo njia ni nyembamba na nyasi za juu zinainamia za chini. Nilikwenda pale nikapiga moto hadi sikujua tena kama ninachopiga ni moto au moshi. Macho yalikuwa hayaoni. Nilisikia mtu amekuja pembeni yangu anapiga vilevile, anapumua kwa nguvu, na nikasogea kumpa nafasi. Upepo ulipotupisha kidogo nikaona ni Ta Byabato. Mkono wa shati lake ulikuwa umeungua hadi kiwiko. Tulipiga tu, yeye akishusha tawi mimi napandisha la kwangu, hadi kona ile ikawa nyeusi na baridi.

Msitu ulinusurika, isipokuwa misambya ya juu kabisa, iliyosimama upande wa juu wa njia. Ile mitatu mikubwa uliyopenda kupiga picha chini yake imeungua, yamebaki mashina tu. Niliikaribia siku iliyofuata nikaweka mkono kwenye shina moja, bado lilikuwa na joto.

Siku ile ya moto vijana wa klabu walikuwa na hasira, na siwalaumu. Walitaka Ta Byabato apelekwe kwa mtendaji siku hiyohiyo. Yeye alikaa kwenye jiwe, mkono wake ukimwagiwa maji ya chupa na Justa, akawaacha waseme hadi wakachoka. Ndipo akasema nyasi alizichoma yeye, na baba yake alizichoma palepale kila mwaka, na upepo hakuutuma. Nilitegemea Justa angemjibu kwa sheria. Alimjibu kwa heshima ya Kihaya, huku anaendelea kumwagilia.

"Waitu, Ta Byabato, upepo haukutumwa na mtu. Lakini watoto wa kule chini kesho wangekunywa nini?"

Ta Byabato aligeuka akatazama mabati ya kule chini. Dada yake mwenyewe ameolewa kule.

Kukawa na mkutano wa kijiji, maneno mengi, mengine ya kale ambayo hayakuhusu moto kabisa. Mtu mmoja alisema klabu ni watu wa mjini wanaolinda nyasi kuliko ng'ombe. Mwingine akauliza ng'ombe hao wanakunywa wapi. Mwisho ilikubaliwa kwamba juu ya njia, kwa urefu wote, ukatwe ukanda mpana usio na nyasi, na kwamba atakayechoma rweya atoe taarifa kwanza, na achome asubuhi pakiwa pametulia. Ta Byabato alinyanyua mkono kukubali pamoja na wengine. Mimi sikumwamini. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako hivyo, naye akaniambia kazi ya kuamini si yangu, kazi yangu ni jembe.

Siku ya kukata ukanda tulikuwa watu wengi. Klabu ilikuja yote, na hata wale wa zamani, wa matembezi ya Ijuganyondo, ambao walikuwa wameacha kutembea. Akina mama wa chini walipanda na ndizi zilizopikwa kwa maharage ndani ya majani, na ile kazi ikawa kama sherehe, isipokuwa kwamba migongo iliuma. Ta Byabato alikuja na jembe lake akaanzia mwisho wake peke yake. Mimi nilianzia huku. Nilimtupia jicho mara kwa mara na kila nikitazama alikuwa amekaribia. Mchana tukakutana katikati, jembe lake na langu kwenye nyasi zilezile. Akasimama, akajifuta, akanisalimia kwa Kihaya, salamu ndefu ya zamani, ya kuulizana hali ya kila mtu nyumbani. Nikaijibu yote.

Kisha akaniambia jambo ambalo kwa ajili yake ninazunguka nyumba hii, na ambalo nimelipitia mbali kurasa zote hizi.

Mujuni anaoa, mwanangu. Ndoa ni Januari, hapa kanisani Kamachumu. Msichana ni wa Muleba mjini, simfahamu, wanasema ni mpole na anafanya kazi nzuri. Ta Byabato alisema, "Mwambie binti yangu wewe mwenyewe. Asisikie kwa watu." Alisema binti yangu. Nilimtazama nione kama amekosea. Hakuwa amekosea. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini siku ile wote tulikuwa na vumbi machoni.

Nilimuuliza Mujuni yukoje. Akasema yuko vizuri, na kwamba alitaka kuja kukata nyasi siku ile lakini aliona haya mbele ya watu wa klabu, kwa sababu ni wewe uliyemwingiza. Nikamwambia aje. Njia haina mwenyewe.

Siku kadhaa baadaye Mujuni alikuja, peke yake, nikamkuta kwenye kona ya mawe anachimba mashimo. Alikuwa na miche ya misambya kwenye ndoo. Tuliipanda pamoja bila kukutaja. Nakuambia hivi ili ujue kwamba hakukuwa na ubaya, na pia kwa sababu sikujua nifanye nini na huruma niliyokuwa nayo kwake, na hasira, vyote kwa wakati mmoja. Nilimwambia miche aishindilie vizuri. Hayo tu.

Tangu siku hiyo nimeshika simu mara nyingi nikaiweka. Nilimwambia mama yako habari yote akiwa anamenya ndizi. Alimenya hadi akamaliza mkungu mzima. Kisha akasema, "Mwandikie. Kwenye simu utakohoa tu." Ananijua. Kwa hiyo nimekuandikia, na sasa nimekwisha kusema, na bado siwezi kukaa. Nilidhani nikishalitoa litatulia.

Sijui habari hii itakukuta vipi. Labda ulikwisha kumaliza naye zamani na utacheka kwamba baba yako amehangaika bure. Labda itakupiga ukiwa kwenye kituo cha basi, jioni, umechoka, kati ya watu wasiojua hata Kamachumu iko dunia gani. Sikuwahi kukuuliza ulilia kiasi gani ulipoondoka. Ulikuwa na mizigo mingi uwanja wa ndege, na mimi nilikuwa nazungumzia uzito wa mizigo.

Sikuiti urudi. Ulichagua kwa akili zako timamu, na nimewaambia hivyo wote walioniuliza, hata pale ambapo sikuulizwa. Ninachoomba ni kidogo zaidi, na kwangu ni kigumu zaidi. Ukimaliza kusoma, nipigie. Kama hutakuwa na la kusema, usiseme. Tutanyamaza wote wawili, wewe huko na mimi huku, nami sitakohoa, sitakuuliza kuhusu baridi, na sitampa simu mama yako haraka. Nitakaa kwenye kiti, Koku. Nitakaa hadi ukate wewe.

Baki na Mungu, mwanangu.

Ni mimi baba yako, ninayekungoja.