Kwa Mama Ngoja, na kwa Mwenye Ufunguo

Wewe msomaji uliyeona picha ya marehemu ukataka kufunua ukurasa wa gazeti, tulia hapo hapo. Umezoea kupitisha macho. Ndivyo unavyopita nyumba ya jirani yako yenye dirisha la nyuma lisilofunguliwa, unasikia sauti ya mtoto, unajiambia ni redio. Leo tunazungumza na mtu wetu, lakini tunazungumza kwa sauti, na masikio unayo.

Mwaka umetimia, mpendwa wetu, tangu moyo wako uliposimama mchana kweupe, kazini, ukiwa umeketi kwenye kiti kifupi cha watoto na vibanio vya nguo vimejaa mfuko wa sweta. Ulipoletwa nyumbani, jirani mmoja alitaka kuvitoa. Mama yako akamshika mkono. "Viache," alisema. "Huo ndio uprofesa wa mwanangu."

Tunakushukuru. Tuanzie hapo, maana hasira nayo tunayo, na zamu yake itafika.

Tunakushukuru kwa siku ile ya shangazi. Ulikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Nyumbani kwetu mgeni akibisha hodi, Kitinda, mdogo wetu wa mwisho ambaye akili yake hujifunza polepole, alipelekwa chumba cha nyuma na pazia likashushwa. Hakuna aliyesema tunamficha. Tulisema ni adabu. Siku hiyo shangazi alikuwa amemaliza chai, mkoba ameshautia kwapani, ndipo ukatokea umemshika Kitinda mkono.

"Shangazi, kuna mtu hajakusalimia."

Mama alikukata jicho. Kitinda akafungua mdomo, kimya. Shangazi akaanza kuinuka.

"Usiondoke, shangazi. Shikamoo inakuja."

Na kweli ikaja. Ilichelewa, ilikatikakatika njiani, lakini ilifika yote. Shangazi alirudi kitini, akauweka mkoba chini. "Marahaba, mwanangu," akasema, "marahaba, marahaba," kama mtu anayeitikia salamu za miaka yote kwa mkupuo. Pazia lile halikushushwa tena. Mama alilikata akashona foronya.

Watu husema utafiti wako ulianza chuo kikuu. Waongo. Ulianza sebuleni kwetu.

Ulipokwenda kusomea sosholojia, kaka yako, fundi seremala tunayemwita Spika kwa kelele zake, alidhani ni ugonjwa. "Inatibika?" alikuuliza. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukamweleza kwa lugha ya nyumbani kwamba unachunguza watu wanavyoishi pamoja, nani anabeba mzigo, na nani anaambiwa kwamba kubeba ndiko kuumbwa kwake. Spika hakusahau. Akaanza kuazima vitabu vyako, na mpaka leo hajarudisha hata kimoja.

Watafiti wenzako walizuru familia za watoto walio kama Kitinda na maswali yao, wakakaribishwa kwenye kochi, wakaambiwa, "Hatuna shida, tunamshukuru Mungu." Wakaenda kuandika kwamba shida hakuna. Wewe ulipitia uani. Ulimkuta mama anaanika nguo, ukashika vibanio, ukampa na mtoto ashike vyake, mkaanika wote. Mama mwenye nguo mbichi mikononi hana nafasi ya kupamba maneno. Hapo ndipo uliposikia ni dada yupi aliyeachishwa shule ili amlee mdogo wake, ni mama yupi hajavuka geti tangu ajifungue, na ni baba yupi anayemwita mwanawe "huyo wako". Uliyaandika yote, ukayasimamia mbele ya watu waliotaka uyalainishe.

Ukimuuliza mtoto swali, uliwakataza wanafunzi wako wasimjibie. Uliinua kidole. "Ngoja." Basi wakakubandika jina, Mama Ngoja.

"Mama, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo," mmoja alikutania.

"Yanaumia ya mwenye haraka. Wewe kanywe maji, urudi tuendelee kungoja."

Siku ya kutetea tasnifu yako tulijipanga viti vya nyuma, tumevaa kama tunakwenda harusini. Mtahini mmoja, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alitaka kujua hiyo mbinu ya utafiti ya vibanio inapatikana katika kitabu gani.

"Mzee wangu," ukamwuliza, "umewahi kufua na kuanika shuka za mtoto anayekojoa kitandani, peke yako, kila siku ya Mungu?"

"Sijawahi."

"Basi ndiyo maana hicho kitabu hujakiona."

Mama alijifunika uso kwa mtandio. Tulijua umefeli. Mzee akacheka mpaka miwani ikacheza kifuani, na ndiye huyo huyo baadaye aliyekupigania ukapewa chumba. Popote alipo, tunamshukuru naye.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ngazi za kitivo, kinanuka rangi na karatasi zilizolowa. Ulikigeuza. Viti vifupi alitengeneza Spika. Sinki likashushwa watoto walifikie. Ukafunga kamba ya nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Watoto walikuja asubuhi, mama zao wakapata nafasi ya kwenda kazini, au kusuka nywele, au kulala tu, na wanafunzi wako walijifunza kukaa sakafuni na kufunga midomo. Kitinda, mwanamke mzima sasa, ndiye aliyepokea wageni mlangoni. Alimwamkia kila mtu, hata wanafunzi wa umri wa kuwa wanawe, nao walizoea kuitikia bila kucheka. Kuingia ndani kabla shikamoo yake haijaisha ilikuwa mwiko, uwe profesa, uwe mfagiaji.

Jikoni, tusidanganyane, ulikuwa balaa. Mumeo dereva alikuwa akisikia harufu ya maharage yanayoungua kutoka kona ya barabara, anasema, "Eeh, leo mke wangu amepata kitabu kizuri." Lakini wanao wanasema jambo moja ambalo watoto wengi hawawezi kulisema: hukuwahi kuwakatiza wakizungumza. Ulichoka, ulisinzia, lakini ulingoja wafike mwisho wa maneno yao.

Sasa hasira.

Siku ya maziko yako, mkuu wa kitivo alisimama kando ya kaburi, kofia mkononi, akasema, "Chumba chake hakitafungwa maadamu mimi nipo." Spika alikuwa ubavuni pake. Alisikia, na yeye hasahau. Mkuu yupo, mzima wa afya, na mlango una kufuli. Viti vifupi vimerundikwa koridoni. Ndani mmejazwa meza mbovu na mashine za fotokopi zilizokufa. Tulikwenda kuuliza. "Subirini kidogo, ni kwa muda tu." Tukarudi. "Ngojeni, tunalishughulikia." Neno lako lile lile, dada, wameliokota na kuligeuza kufuli la pili.

Wale mama wamerudi nyumbani kwao. Mmoja ameacha kazi. Kitinda bado anakwenda. Kila asubuhi anavaa viatu vyake, anasimama mbele ya mlango uliofungwa, anawaamkia wapitao. Hawangoji. Shikamoo haijafika nusu, wao wako juu ya ngazi. Jioni anarudi, na siku hizi mgeni akibisha hodi nyumbani, anainuka mwenyewe na kwenda chumba cha nyuma. Hakuna anayempeleka. Kazi yako yote ya maisha, inafutika mbele ya macho yetu, na tulio nyumbani hatuwezi kuijenga upya bila mlango ule.

Ulitufundisha tofauti, Mama Ngoja. Kumngoja mtoto ni heshima. Kumngojesha ni dhuluma.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye bado analalia foronya ya pazia lile, mumeo, anayeunguza maharage siku hizi na kudai ni kwa heshima yako, wanao, kaka yako Spika, shangazi, wanafunzi wako uliowaketisha sakafuni, na Kitinda, anayekuwekea kiti mezani kila tukila. Moyoni mwetu huhami, wala hatutaruhusu yeyote akuhamishe.

Na wewe msomaji, uliyefika hapa ukidhani tumemaliza. Jumatatu asubuhi njoo kitivoni, nyuma ya ngazi. Utamkuta mwanamke amesimama mbele ya kufuli. Atakuamkia. Simama, ingoje shikamoo yake mpaka iishe, uitikie. Kisha panda ngazi, umwambie mkuu wa kitivo alete ufunguo.

Huyo usimngoje.