Udongo wa Ukingoni

Marahaba, mjukuu wangu Felista. Huku Kinole hatujambo, tunachuma karafuu. Umeniomba udongo wa kula kwa kuwa mimba inakutamanisha. Sitakutumia.

Enzi za Ujamaa tuliishi mjini kando ya mto, chini kidogo ya kiwanda cha ngozi kilichomwaga maji yake humo. Dada yangu Paulina alipokuwa mjamzito, mimi ndiye niliyemchimbia udongo ukingoni mwa mto. "Mtamu kuliko wa nyumbani," alisema. Kambale walikuwa wakielea wamekufa, tukasingizia joto.

Mtoto alizaliwa amekufa. Baadaye bwana afya aliniambia kuwa madini ya kiwandani hayaozi. Hujikusanya kwenye tope, kwenye samaki na miilini mwetu.

Sikumwambia Paulina. Hadi anafariki alikuwa akinishukuru kwa ule udongo.

Bibi yako