Ng'ombe Wanane Zizini Kwangu

Ugalla, Katavi

Kaka Masele,

Huku mvua zimechelewa ila visima bado vina maji. Mwanangu Ndaki ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona mkubwa. Ng'ombe wako wote wanane ni wazima, na yule mwekundu ana mimba.

Mwezi uliopita kamati ya kijiji ilipita kuandika kaya za kupewa mahindi ya msaada. Walinikuta mjane mwenye watoto wanne na ghala tupu. Kisha wakaona zizi, wakaandika kwamba nina uwezo. Nilikaa kimya, maana uliponiletea hao ng'ombe niwatunze uliniapisha nisiseme ni wako, wifi asije akajua.

Nilikwenda kwa mtendaji, akanituma Mpanda kwenye ofisi moja ya misaada. Nikauza kuku nipate nauli ya bodaboda. Kule wakanirudisha kwa mtendaji, naye akaniambia, "Nyie Wasukuma mna mali, mnapenda tu kulalamika. Uza mmoja mle."

Nitauzaje ng'ombe wa mtu? Maziwa tunakunywa, kaka, lakini maziwa hayasongwi ugali.

Nimemwambia mtendaji si wangu, naye anataka barua ya mwenye ng'ombe kabla mwezi haujaisha. Nimekupigia mara sita, hupokei.

Sasa iandike. Kama ni wifi unayemwogopa, usihangaike tena. Bahasha hii nimeiandika jina lake, na barua yenyewe yeye ameisoma kabla yako.

Mdogo wako,
Ngolo