Siku Domitille aliposhika mikro

Quartier Himbi,
Goma,
tarehe 14 Aprili 2024.

Mupendwa yaya Florent, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia kwa mikono miwili, wewe na Élodie na watoto wenu. Afya je? Ule mugongo uliokusumbua wakati wa baridi umetulia? Sisi hapa tunapumua, Mungu asifiwe. Mama anaamka vizuri, ila magoti yamemukataza kufika misa ya asubuhi. Anaifuata kwenye redio na kumujibu padri kwa sauti kubwa, kama vile padri anamusikia.

Duka langu la vitenge kule Birere bado linafunguliwa. Wanunuzi wamepungua, makala ya kupikia na maharagi yamepanda bei kwa sababu njia zimefungwa. Mabomu tunayasikia upande wa Sake, siku zingine karibu, siku zingine mbali, na watoto wa mutaa wanabishana ni ya aina gani. Sipendi kuwasikia wakibishana hivyo, lakini nitawaambia nini?

Uliniandikia kwamba Wakongomani wa Liège pamoja na parokia yenu wanataka kutengeneza teletoni kwa ajili ya wakimbizi wa Goma: muziki na vichekesho kwenye televisheni siku nzima, na watu wanaombwa watoe kitu. Uliniuliza kama sisi hapa bado tunaziangalia, na kama watu bado wanatoa. Nimekawia kukujibu kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe. Acha nikueleze.

Unamukumbuka Domitille, binti wa mama mudogo Léonie, yule aliyeolewa Sake, na ambaye siku ya harusi yako alicheza mpaka viatu vikakatika. Mwezi wa pili, vita vilipofika Sake, mume wake alikuwa Butembo kwa biashara na njia ikafungwa nyuma yake. Domitille alikimbia peke yake na mutoto wao Christa, musichana wa miaka saba. Barabarani bomu likaanguka karibu, watu wakasukumana, mukono wa mutoto ukatoka ndani ya mukono wake. Alijaribu kurudi nyuma huku anaita. Umati ukamubeba mbele kama maji. Hakumuona tena.

Nilimuomba aje akae kwangu, akakataa. Alijenga kihema kwenye kambi ya Lac Vert, maana watu wa Sake walikuwa wengi pale, na alitaka kukaa mahali ambapo mutu aliyemuona Christa angeweza kupita. Kila nilipomupelekea unga na sabuni nilimukuta amesimama njiani, anaangalia watoto wa wenzake wakipita na bidoni za maji.

Basi, kabla ya Pasaka, tele moja, kituo cha televisheni cha hapa mujini, jina lake nitaliacha, ikatangaza teletoni ya kutafuta mabashi, maturubai ya kufunikia vihema, kwa sababu mvua ilikuwa imeshaanza.

Nikuambie ukweli wa teletoni za hapa. Volkano ilipotoka, ile ya 2021, mutaa wetu muzima uliziangalia kama vile mechi ya mupira. Sasa watu wamechoka. Kwa jirani yetu papa Émile, mwenye jenereta, wanakusanyika kumungoja Prodige, muchekeshaji anayeongoza. Prodige akiigiza mukwe mulevi, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wamama wa kambi wakiletwa kusema taabu yao, huyu anatoka nje kukojoa, huyu anafungua simu yake. Si kwamba wana roho mbaya. Taabu ile wanaipita kila siku kando ya barabara, na wengi wameipokea ndani ya nyumba zao.

Kijana anayetayarisha programu anaitwa Samy. Alifika Lac Vert kutafuta wamama wa kusema, akamuchagua Domitille. Nilishangaa aliposema ndiyo mara moja, yeye ambaye hakuwahi kuieleza habari ile mpaka mwisho hata kwa mama yetu. Akaniomba nimusindikize.

Tulifika kwenye sala ya sherehe, ukumbi wenye taa nyingi. Wamama wengine wa kambi walikuwa wamekalishwa nyuma kwa mistari, wamevalishwa vitenge vya rangi moja, ili waonekane vizuri. Samy akamuvuta Domitille kando.

“Mama, utaeleza namna mukono ulikuponyoka. Usiharakishe. Machozi ikikuja, uache ikuje.”

“Na jina ya mutoto?” Domitille akauliza.

“Jina si lazima. Dakika ni kidogo. Sema tu ‘mutoto wangu’.”

Nafikiri aliona uso wangu, maana alinigeukia. “Mama Henriette, batu bamechoka na machozi, mi najua. Lakini bila machozi simu za kutoa hazilii.”

Hakusema kwa ubaya, yaya. Alisema kama mutu anayeeleza kazi yake.

Ikafika saa yake. Prodige alikuwa ametoka kuwachekesha watu, bado anajipangusa jasho. Wapiga muziki wakapunguza sauti, naye akabadilisha uso. “Mama, tuelezee, siku ile ilikuwa namna gani?”

Domitille akamuangalia, kisha akamutoa mikro, kile kipaza sauti, mukononi, taratibu, kama vile unavyomunyang’anya mutoto kisu. Akasimama. Hakulia.

“Minaitwa Domitille, wa Sake. Minatafuta mutoto wangu Christa. Iko na miaka saba. Iko na kovu hapa, juu ya jicho ya kushoto, mbabula ya kupikia ilimuchoma. Alivaa robo, gauni ya manjano. Akiogopa, anaimbaka. Mwenye alimuona, apige simu sasa hivi.”

Halafu nyuma yake mama mumoja akainuka: “Na mimi! Minatafuta Ushindi, kijana wa miaka kumi!” Mwingine akainuka, akataja jina. Mwingine tena, na tena, mpaka majina yakaanza kuingiliana. Prodige alibaki mikono wazi. Samy akatoa ishara, sauti ya mikro ikakatwa, muziki wa kucheza ukaanza. Wamama waliendelea kuita. Midomo yao ilikuwa inakwenda na hakuna mutu aliyewasikia.

Binti yangu Charline, ambaye alikuwa anaangalia kwa papa Émile, aliniambia kwamba pale hakuna aliyetoka nje, na hakuna aliyeshika simu ila wa kupiga.

Na simu zikalia kweli. Zililia mpaka wasichana waliowekwa kupokea ahadi za watoaji wakachanganyikiwa. Lakini watu hawakupiga ili watoe. Walipiga kusema wameona mutoto sokoni, au kuuliza kama mutoto wao naye anaweza kutajwa. Waliotaka kutoa hawakupata njia. Samy alitufuata mulangoni, macho mekundu. “Mumetuharibia, mama. Mumetuharibia kazi yote.”

Hapa ndipo roho yangu inapata shida. Mabashi yaliyopatikana yalikuwa machache, hayakufika upande wao wa kambi. Mvua ilipopiga, mama mumoja wa kihema cha jirani alimuambia Domitille mbele ya watu wote: “Weye ulitafuta wako. Siye tumelowa.” Mama yule alikuwa amebeba mutoto muchanga na mutoto alikuwa amelowa kweli.

Kisha papa mumoja kwa jina Cubaka akapiga simu kutoka kambi ya Kanyaruchinya. Alisema kuna musichana anakaa kwenye kihema chake, alifika na watu waliotoka upande wa Sake, ana kovu usoni, haongei sana. Domitille aliposikia hivyo hakungoja hata kuvaa viatu vizuri. Tukapanda pikipiki. Njia nzima alinishika kiuno, nikasikia anaimba chinichini, na nikaelewa mutoto alijifunza wapi.

Papa Cubaka alikuwa amemutayarisha musichana. Wamemuogesha, wamemupaka mafuta, wamemuazima robo safi. Walikuwa wamemuambia kwamba mama yake alionekana kwenye tele na leo anakuja. Alikuwa amesimama mbele ya kihema, kwenye yale mawe meusi ya volkano, mikono nyuma.

Kovu lilikuwa kwenye shavu. Hata mimi niliona kutoka mbali kwamba si Christa.

Musichana ndiye alisema wa kwanza. Alimuangalia papa Cubaka, si sisi. “Huyu si mama.”

Domitille akageuka, akaenda kukaa juu ya jiwe, akatupa mugongo. Nilifikiri tutarudi vile vile. Papa Cubaka alishika kofia yake mukononi, anaomba pardo kwa kila mutu, hata kwangu. Halafu Domitille akarudi, akainama mbele ya musichana.

“Jina yako nani?”

“Umuhoza.”

“Na mama yako, anaitwa nani? Alivaa nini? Mulipotezana wapi?”

Alimuuliza yote, polepole, yale ambayo yeye hakuna mutu aliyemuuliza. Na musichana ambaye hakuwa anaongea akaongea mpaka jua likageuka.

Umuhoza yuko kwangu sasa. Watu wanaotafutia watoto familia zao walikuja, wakaandika habari zake, wakakubali akae hapa wakati mama yake anatafutwa, maana papa Cubaka ana wengi na kihema ni kimoja. Domitille naye amehamia hapa. Anasema ni kwa sababu mutoto hapati usingizi bila mutu kando. Asubuhi anarudi Lac Vert kusimama njiani, jioni anakuja kwetu. Christa bado hatujamupata.

Jina la Umuhoza linakuambia anatoka kwa wale wanaosema lugha ya ng’ambo ya mupaka, yaya, na unajua maneno yanayosemwa juu yao hapa siku hizi, kwamba wao ndio walioleta vita. Papa Émile, ambaye tumekula naye Krismasi zote, hajakanyaga kwetu tangu mutoto afike. Muke wake alimuuliza Charline sokoni, “Mwamuweka huyo kwa nini?” Charline akajibu kwamba ni mutoto. Ni jibu zuri, lakini nilimuambia siku nyingine apite tu. Ninaogopa, sikufichi.

Juma lililopita Samy alifika hapa nyumbani kwa gari la tele, na biskuti kwa ajili ya mutoto. Hasira yake ilikuwa imekwisha. Alisema watu hawaachi kuuliza habari za yule mama aliyechukua mikro. Wanataka kufanya teletoni nyingine, na Domitille atakaa kwenye kiti kizuri, Umuhoza kwenye magoti yake, muziki laini nyuma. “Batu balie kabisa,” akasema. “Na safari hii bashi itatosha kambi muzima.”

Nilimuangalia Domitille. Nilijua anamufikiria yule mama mwenye mutoto muchanga.

“Na mama yake akimuona kwa tele,” Domitille akasema, “amekaa kwa magoti yangu, batu banapiga makofi, atawaza nini?”

Samy akaangalia biskuti zake.

“Leta mikro bila muziki,” Domitille akaendelea. “Wamama bote baite majina, moja moja, mpaka imalizike. Kisha Prodige achekeshe batu, uombe bashi yako, na mimi nitaomba nayo. Nitaomba hata kwa magoti.”

Samy alisema ataona na wakubwa wake. Mpaka leo hajapiga simu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ndiyo, tunaangalia, ila tunamuangalia Prodige. Ndiyo, watu wanatoa, ila mukono umekuwa muzito, na machozi ya wengine hayaufungui tena kama zamani. Fanyeni teletoni yenu, mvua haingoji. Lakini wakikuomba mama wa kulia mbele ya kamera, usiniombe nikutafutie hapa, yaya. Mimi siwezi tena kazi hiyo.

Mama anakusalimia sana, na anauliza kama umepata mahali pa kununua majani ya sombe huko. Mama mudogo Léonie anakusalimia, Charline pia. Domitille anasema amekumisi. Mufikishie Élodie upendo wangu.

Jioni ya siku utakayosoma barua hii, ukitoka kazini, waite watoto wako wote kwa majina. Hilo tu ndilo ninalowaombea kwa Mungu: kila ukiwaita, waitike.

Ni mimi mudogo wako, ninayekupenda toka utoto,

Henriette