Mgongo na Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Vitumbua vya kuuza vimeisha mapema, alhamdulillahi. Mgongo wangu umeisha kabla yake. Chini ya kiuno, upande wa kulia, unakata. Nimemalizia kukaanga nimesimama, mkono kiunoni. Mama mkwe kauliza kulikoni. Nimemwambia nimechoka tu. Mwongo mkubwa mimi.

Mwaka juzi ilianza hivihivi. Mgongo kwanza, kisha damu, kisha hakuna mtoto. Sasa mimba ina miezi saba. Naogopa hata kuandika.

Jumatano, 6 Agosti

Sijalala. Kitanda hiki cha kamba alipewa mama mkwe na mama mkwe wake, naye akatupa sisi siku ya harusi, kwa heshima zote. Matendegu yamechongwa, kila mgeni anayasifia. Hakuna mgeni aliyelala humo. Kamba zimelegea, katikati pamebonyea, mimi na mume wangu Salehe tunakutana shimoni tutake tusitake. Asubuhi sitoki mpaka anivute mikono. Leo kacheka. Nilitamani kumtupia mto.

Sijamwambia kama naumwa. Mwaka juzi alilia kuliko mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo mbaya zaidi. Kuinuka kwenye kibao ninachokalia jikoni nimeshika ukuta. Bi Mwanahawa, jirani, kaniona ninavyotembea, kasema mgongo ukiuma hivyo ni mtoto wa kiume. Salehe kachekelea siku nzima. Wanaume bwana!

Mama mkwe hakucheka. Ananitazama tu. Jioni kaja na mafuta ya nazi ya moto moto, kanichua mgongo polepole. Nikashindwa kuvumilia, nikalia, nikamwambia yote. Kasema kesho kutwa tunakwenda zahanati, mimi na yeye. Sijui kama nataka kwenda. Nikienda wataniambia.

Jumatatu, 11 Agosti

Mtoto mzima! Mzima!

Pale kwenye benchi la zahanati nilisoma kila dua ninayoijua. Muuguzi, dada mmoja mkali mkali, kanipima presha, kapima mkojo, maswali juu ya maswali. Damu? Maji yametoka? Homa? Mkojo unachoma? Maumivu yanabana na kuachia kama uchungu? Hapana kwa yote. Kisha kaweka kipimo tumboni. Moyo wa mtoto, mbio mbio, kama mtu anatwanga. Nimelia na kucheka kwa pamoja.

Kasema ni mgongo tu. Tumbo limevuta mbele, mgongo unajipinda kulibeba. Viungo vya nyonga vinalegea vikijiandaa kuzaa. Nami nashinda nimeinamia jiko, kwenye kibao kifupi. Dalili zile alizouliza, nikiona hata moja, niende hospitali mbio, nisisubiri mtu.

Halafu akauliza nalalia nini. Mama mkwe yuko ubavuni. Nikasema kitanda. Kitanda gani? Nikajifunga upya kanga yangu. Akajibu mama mkwe mwenyewe: "Cha kamba, mwanangu. Kimebonyea kama karai."

Nilitaka ardhi inimeze.

Kwenye bajaji mama mkwe kaniambia kwamba yeye, mimba zake zote, alilala chini kwenye mkeka na godoro la sufi. Mama mkwe wake akipiga hodi, yeye anarukia kitandani. Nikamuuliza, sasa mama, mbona ukatupa sisi?

"Ningempa nani? Kitu cha wakubwa hakitupwi."

Tumecheka mpaka dereva kageuka kututazama. Nilikuwa nimesahau jinsi ya kucheka.

Jumanne, 12 Agosti

Godoro liko chini. Nalala ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Salehe kainua jiko juu ya matofali, nakaanga nimekaa kwenye kiti kama bibi afisa. Nimemwambia yote sasa. Kaenda kuswali.

Bi Mwanahawa kauliza mbona kitanda kimesukumwa ukutani na juu yake pilipili zimeanikwa. Mama mkwe kamjibu kinapumzika.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimelala. Basi.

Jumapili, 17 Agosti

Mgongo bado unauma, hasa jioni. Siuogopi tena. Nikichoka nakaa, nikikaa sana natembea mpaka barabarani na kurudi.

Leo nimetoa kanga zangu kuukuu, nimezichana winda za mtoto. Za mwaka juzi niliziandaa mapema mno, nikaja kuzigawa hazijavaliwa. Safari hii sikuwa nimegusa hata kitambaa. Mama mkwe kakaa nami barazani, mimi nachana, yeye anapinda. Tulipomaliza nimezifua, nimezianika uani, mbele za watu.