Nyuma Geuka, Tafadhali

Mjukuu wangu Chela,

Usicheke. Kiukoo mimi ni nyanya yako, hata kama niko kidato cha tatu. Hapa Litein tuko wazima, na mama bado anachuma chai.

Uliuliza kama niliogopa kwa kambi ya makadeti. Sana! Zamu yangu ya kuongoza gwaride ilipofika, nilisema kwa kisauti kidogo, "Nyuma geuka, tafadhali."

Kikosi kikacheka.

"Kadeti, umekuja kuomba chumvi?" sajini akauliza. "Jaribu tena, ama nimpe mwingine hiki kikosi."

Rafiki yangu Achieng akaninong'onezea, "Wewe, ita kama unamwita mamako mwisho wa shamba la chai."

Nikaita. Wote wakageuka, hata wapishi.

Bado naona haya, Chela. Lakini kikosi nilibaki nacho.

Nyanya yako mdogo,
Chebet